Chuo Kikuu cha Dini si Seminari

Dar es Salaam wazazi wengi bado wanaamini kwamba chuo kikuu cha kanisa au cha Kiislamu humtoa kijana akiwa mchungaji au ustaadhi. Sivyo. Shahada za SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza, inayomilikiwa na maaskofu Katoliki, au za Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, husimamiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) sawa na za UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Shahada ya Sanaa ya miaka 3 huhitaji krediti 360 hivi, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Hata ukikuta kozi ya lazima ya maadili yenye krediti 8, hizo ni saa 80, kujisomea kukiwemo. Krediti zinazobaki ni za masomo kama historia, isimu, fasihi, sosholojia. Na maadili ni somo la kuchambua hoja, si la kuungama.

Wanaokwama hukwama kwenye alama. Unatakiwa angalau prinsipo mbili (ufaulu wa daraja A hadi E katika masomo makuu ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, mfano D ya Historia (2) na D ya Kiswahili (2). General Studies haihesabiwi kabisa! Fungua mwongozo wa TCU, soma masomo yanayotakiwa kwa kila programu, kisha omba chuoni moja kwa moja.