Rabi mwanafunzi: yanayosemwa na ukweli wake

"Rabi ni padri wa Wayahudi."
Sivyo. Hata Injili ya Yohana inalifasiri neno hilo: maana yake Mwalimu. Makuhani wa Kiyahudi walikuwa ukoo wa Haruni, na kazi yao ya kutoa sadaka ilikoma Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Rabi haungamishi mtu. Anachowazidi waumini wenzake ni elimu.

"Bila rabi hakuna sinagogi."
Hii inaniudhi zaidi, maana inafuta historia ya majirani zetu. Abayudaya wa Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, walikaa karibu miaka 90 bila rabi wao aliyesomea na kuidhinishwa. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, waliobaki walisali kwa kujificha. Kinachotakiwa kwa sala ya pamoja ni watu wazima kumi. Wakitimia, yeyote anayezijua sala anaongoza. Gershom Sizomu alikuwa tayari kiongozi wao alipokwenda Los Angeles kusoma katika shule ya marabi ya Ziegler. Alipata urabi mwaka 2008, akarudi nyumbani kuwatumikia watu walewale.

"Mwanafunzi hahudumu mpaka amalize chuo."
Chuo cha marabi cha Hebrew Union College, kilichoanzishwa Cincinnati mwaka 1875, kina desturi ya kuwatuma wanafunzi wake kwenye miji midogo ya Marekani isiyomudu kumlipa rabi wa kudumu. Ijumaa mwanafunzi anafunga safari, jioni anaikaribisha Sabato pamoja nao, Jumapili anafundisha watoto, kisha anarudi darasani.

Mtihani wake mkubwa ni kuisoma Torati mbele ya waumini. Gombo limeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, halina irabu, halina nukta, wala alama za mahadhi. Aliyewahi kusoma Kiarabu kisicho na irabu anaujua ugumu huo. Siku nyingi kabla, mwanafunzi anazirudia aya zilezile kwenye kitabu chenye irabu mpaka zikae kichwani. Siku yenyewe hagusi ngozi kwa kidole. Anafuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, chenye ncha ya umbo la mkono mdogo. Akikosea neno, mzee aliyelisikia tangu utotoni anamsahihisha hapohapo, naye analirudia. Kwangu mimi, hapo ndipo anapofundwa hasa.

"Ni kazi ya wanaume tu."
Kwa wengi wa Wayahudi wa Kiorthodoksi, yaani wanaoshika sana sheria za kale, ndiyo, hadi leo. Kwingineko, Regina Jonas alipata urabi Ujerumani mwaka 1935, na Sally Priesand Marekani mwaka 1972.

"Jumuiya ndogo, kazi ndogo."
Sinagogi kubwa la mjini lina mwimbishaji, karani na walimu. Penye familia ishirini, kukitokea msiba, mwanafunzi huyohuyo anakaa na wafiwa, anaandaa mazishi na kusimamia sala. Kadishi, sala ya wafiwa, kwa desturi haisomwi bila watu kumi. Wakiwa tisa, anachukua simu na kutafuta wa kumi, na mfiwa anangoja, kitabu cha sala kikiwa wazi mkononi.