Tundu dogo, kufungua kifua na moyo wa kupandikizwa: maswali ya benchini

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa moyo hapa Dar es Salaam. Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi la kliniki, mengi yakitoka kwa ndugu wanaosubiri mgonjwa atoke kupimwa ekho, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Majibu nimeyarefusha, maana pale benchini muda haututoshi na watu wanaondoka na nusu ya jibu.

Dada, tumeambiwa mgonjwa wetu atafanyiwa "tundu dogo". Ni upasuaji wa moyo uleule au kitu kingine?

Mjini hapa jina hilo limebeba vitu viwili, na kuvichanganya kumewaponza wengi.

Cha kwanza ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu, kifundoni mwa mkono au kinenani, hadi kwenye moyo. Kifua hakikatwi na moyo unaendelea kudunda muda wote. Kwa njia hii huzibuliwa mishipa ya moyo iliyoziba, huzibwa baadhi ya matundu ya kuzaliwa nayo, na hupanuliwa valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyobana kwa kijiputo kinachojazwa ndani yake. Kijiputo hicho ni kazi ya daktari Mjapani Kanji Inoue, aliyeichapisha mwaka 1984, na kwa wenye valvu iliyobana kutokana na baridi yabisi ya moyo (madhara ya mafindofindo yasiyotibiwa vizuri) kimewaokoa wengi wasikatwe kabisa.

Cha pili ni upasuaji kamili. Mgonjwa analazwa kwa nusukaputi, anaunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na mara nyingi moyo unasimamishwa. Tofauti ni mlango wa kuingilia tu: badala ya kupasua mfupa wa kidari kutoka juu hadi chini, daktari anapita katikati ya mbavu upande wa kulia kwa chale ya sentimita chache, akitumia kamera na vifaa virefu. Ndani kazi ni ileile.

Kwa hiyo muulizeni daktari hivi: mnapita kwenye mshipa au katikati ya mbavu? Moyo utasimamishwa? Mkijibiwa hayo mawili mtajua mnajiandaa kwa lipi, na kama ndugu wa kuchangia damu waitwe.

Binti yangu ana miaka 22, hajaolewa. Valvu yake imeharibika. Hatutaki apasuliwe katikati ya kifua, kovu litaonekana kwenye nguo. Tukatae mpaka apatikane wa tundu dogo?

Mama, swali lako si la upuuzi na asikwambie mtu kwamba ni la upuuzi. Kovu la kidari linaonekana, na binti ndiye atakayeishi nalo. Chale ya mbavuni inaweza kufichwa chini ya titi. Hilo peke yake ni sababu halali ya kuuliza.

Lakini kuna maswali mazito kuliko kovu, na ningependa muyaulize kwanza.

Valvu inaweza kurekebishwa, au ni lazima ibadilishwe? Ikirekebika, ni heri, kwa sababu ataendelea na valvu yake mwenyewe. Shida ni kwamba baridi yabisi hunenepesha valvu na kuzigandisha, kwa hiyo kuzirekebisha kunahitaji mkono mzoefu na nafasi ya kutosha kuona. Ikiwa daktari anasema atairekebisha vizuri zaidi akifungua kifua, mimi ningempeleka mdogo wangu akafunguliwe kifua.

Ikibidi kubadilisha, iwe ya aina gani? Ile ambayo watu huiita valvu ya chuma hudumu miaka mingi, ila inamlazimu kumeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupima mara kwa mara INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika wiki ya 6 hadi ya 12 ya ujauzito. Binti wa miaka 22 anapaswa kulisikia hili kabla ya upasuaji, yeye mwenyewe, si mama yake peke yake. Valvu inayotokana na mnyama haimfungi kwenye wafarini kwa maisha yote, lakini kwa vijana huchakaa mapema, na atarudi mezani tena akiwa bado kijana. Na kwa kuwa tunaishi pwani, nitalisema wazi: baadhi ya valvu hizo hutokana na nguruwe na nyingine na ng'ombe. Kama lina uzito kwenu, semeni mapema, siyo asubuhi ya upasuaji.

Tena si kila mgonjwa anafaa kwa njia ya mbavuni. Mwenye valvu mbili au tatu zilizoharibika, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji upande huo, mara nyingi hufunguliwa kidari. Kusubiri nako kuna gharama. Moyo unaofanya kazi na valvu mbovu unatanuka kimyakimya huku ninyi mnatafuta njia ya kovu dogo.

Utafiti unasemaje? Anayepita mbavuni anapona zaidi?

Uingereza walifanya utafiti mzuri, ukachapishwa mwaka 2023. Wagonjwa 330 wenye valvu ya upande wa kushoto inayovujisha waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine mbavuni, wengine kidarini. Baada ya wiki 12 hali yao ya kufanya shughuli haikutofautiana. Wa mbavuni walitoka hospitali mapema kidogo, na wiki za mwanzo walikuwa wepesi zaidi. Valvu zilirekebishwa vizuri sawasawa pande zote mbili, na usalama ukawa sawa baada ya mwaka mmoja.

Ninavyousoma mimi, njia ndogo ni salama kwa madaktari walioizoea, na faida yake iko mwanzoni. Wiki hizo za mwanzo si kitu kidogo kwa mtu wa hapa. Aliyepasuliwa kidari huambiwa asinyanyue kizito kwa wiki 6 hadi 12 mpaka mfupa uunge: hakuna ndoo ya lita 20, hakuna kuning'inia kwenye bomba la daladala. Kwa anayeuza chakula Mbagala, hiyo ni mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu bila kipato. Ila wagonjwa wa utafiti ule walikuwa wazee wa karibu miaka 70 kwa wastani, na valvu zao zilichakaa kwa umri. Binti wa miaka 22 mwenye baridi yabisi ni mgonjwa mwingine kabisa. Msimhesabie matokeo ya wale wazee.

Mdogo wangu moyo ulitanuka baada ya kujifungua. Jirani kasema dawa yake ni kupandikizwa moyo. Wanaopandikizwa wanaishi?

Kwanza, jirani amewahi mno. Moyo uliotanuka kutokana na uzazi kwa kina mama wengi hurudia nguvu kwa dawa ndani ya miezi kadhaa. Mdogo wako ameze dawa bila kuruka, apimwe tena ekho, na asibebe mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo. Kupandikiza ni kwa yule ambaye dawa zote na vifaa vimeshindwa.

Kuhusu kuishi, ndiyo, wanaishi. Moyo wa kwanza kupandikizwa kwa binadamu kutoka kwa binadamu mwingine ulikuwa Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, mikononi mwa Daktari Christiaan Barnard. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Kilichomuua ni nimonia, kwa kuwa dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni ziliuacha bila ulinzi. Hospitali nyingi zilijaribu mwaka uliofuata, wagonjwa wakafa, nyingi zikaacha. Siklosporini, dawa bora zaidi ya kuuzuia mwili usiukatae moyo, ilipoingia miaka ya 1980 ndipo hali ilipogeuka. Leo takriban wagonjwa 85 hadi 90 kati ya 100 wanavuka mwaka wa kwanza, na nusu wanavuka miaka 12 hivi. Takwimu hizi zinatoka zaidi Marekani na Ulaya, mahali ambapo dawa na vipimo haviko mbali na mgonjwa.

Si ndugu atoe tu, kama figo?

Hapana. Figo tunazo mbili, na hapa Muhimbili zinapandikizwa tangu Novemba 2017 kutoka kwa ndugu walio hai. Moyo ni mmoja. Hutoka kwa mtu aliyefariki ambaye familia imeridhia, na kwa njia ya kawaida ya kuuhifadhi kwenye baridi una takriban saa 4 tu kabla haujaharibika. Mtanzania anayeuhitaji huufuata nje ya nchi.

Akishapandikizwa akarudi Dar, amepona?

Amepata moyo, na amepata ugonjwa mpya wa kuuangalia. Dawa za kupunguza kinga, mara nyingi takrolimasi na wenzake, humezwa kila siku kwa saa ileile mpaka mwisho wa maisha. Akiruka siku chache, mwili unaweza kuanza kuushambulia moyo. Dawa hizohizo huchosha figo na kuongeza hatari ya baadhi ya saratani.

Kwa mji wetu naihofia zaidi kifua kikuu. Kinga ikishuka, vimelea vilivyolala huamka. Na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha takrolimasi kwenye damu, hivyo ukitibu kimoja bila kupima kingine unaupoteza moyo. Daktari wa kifua kikuu na wa moyo lazima wazungumze. Balungi hufanya kinyume, hupandisha kiwango cha dawa hadi kuwa sumu, kwa hiyo juisi yake aiache kabisa.

Moyo mpya pia umekatwa mishipa ya fahamu. Hudunda haraka hata mtu akiwa ameketi, kama mara 90 hadi 110 kwa dakika, na mishipa yake ikianza kuziba mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote ya kifua. Ndiyo maana anaitwa kupimwa hata akijiona mzima.

Kuna habari kwamba roboti imepandikiza moyo.

Ni kweli, Riyadh, Saudi Arabia, Septemba 2024, kwa kijana wa miaka 16, bila kupasua kidari. Roboti haikufanya yenyewe, iliongozwa na madaktari. Kidari kilichobaki kizima ni faida ya kweli, kwani kidonda chake huunga taratibu kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa. Lakini dawa za kila siku zinabaki zilezile.

Tuna mdogo wake yule binti, ana miaka 9, hukohoa na kuumwa koo kila mara. Naye apimwe?

Apimwe ekho, ndiyo. Baridi yabisi ya moyo huanza na mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa vizuri, na watoto wa nyumba moja huambukizana koo. Uganda waliwafuatilia watoto na vijana 818 ambao ekho ilionyesha ugonjwa ukiwa bado mchanga. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka miwili, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao tu. Kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2. Sindano hiyo inauma, watoto huikimbia, na mzazi huona huruma akairuka mwezi mmoja, kisha wa pili. Andika tarehe ya sindano inayofuata kwenye daftari lake la shule, mwalimu naye ajue.