Je, wajua kwa nini kumbi za miji ya Scotland zilikuwa na jela ndani?

Nilipoona picha ya Canongate Tolbooth kwa mara ya kwanza, niliamini naangalia jela kuukuu. Ni ukumbi wa mji uliojengwa mwaka 1591 kwenye barabara ya Royal Mile mjini Edinburgh: mnara uliochongoka, kuta nene, saa kubwa inayoning'inia juu ya njia. Tena Waskoti wenyewe walilitumia neno tolbooth kwa karne kadhaa kwa maana ya jela. Basi nikahitimisha kwamba jela ndiyo iliyotangulia, ofisi za mji zikahamia humo baadaye.

Nilikuwa nimeishika historia mkiani. Nusu ya kwanza ya neno tolbooth ni ushuru, ya pili ni kibanda. Mji uliopewa hati na mfalme ulikuwa na haki ya kuendesha soko, na aliyeleta ngozi, sufu au samaki alilipia hapo kibandani. Kibanda kikawa jengo la mawe, jina likabaki, kama Forodhani ya Unguja ilivyobaki na jina la forodha ingawa leo watu huenda kula urojo na mishikaki. Palipokusanywa fedha pakawa pa vikao vya baraza la mji. Wakuu wa baraza walikuwa pia mahakimu, na hakimu anahitaji pa kumweka mtu. Jela ilikuja hivyo, mwishoni, ingawa hatua hizo hazikufuatana sawasawa kila mji.

Lakini mbona kuta nene kiasi kile? Sehemu kubwa ya jibu ni madeni, na hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Fikiria umeachiwa mbuzi wa jirani umfungie zizini kwako. Zizi likiwa bovu akatoroka, jirani hamfuati mbuzi porini. Anakuja mlangoni kwako kudai thamani yake. Sheria ya Scotland iliwaweka wakuu wa mji katika hali hiyohiyo. Mdaiwa alifungwa kwa ombi la anayemdai, na akitoroka kwa ubovu wa jela au uzembe wa walinzi, mji ungeweza kulazimishwa kulilipa deni lote. Kila jiwe lililoongezwa ukutani liliilinda hazina ya mji.

Pale Culross, mji mdogo wa Scotland, katika ukumbi wa mwaka 1626, ngazi mbili za mawe zinapanda kwa nje hadi ghorofa ya baraza, hivyo wazee wa mji waliingia kikaoni bila kupita chini palipokuwa na jela. Mnara wake uliongezwa mwaka 1783.

Mwaka 1877 serikali kuu iliyatwaa magereza, na mwaka 1880 kifungo cha madeni kikafutwa kwa sehemu kubwa. Tolbooth kongwe ya Edinburgh ilikuwa imekwisha kubomolewa mwaka 1817. Mahali pake, karibu na kanisa la St Giles, kuna umbo la moyo lililopangwa kwa mawe barabarani, na hadi leo wenyeji wakipita hulitemea mate.