Usimpe mgonjwa wa selimundu (SS) damu ya ndugu yake

Usiku wa Jumanne waliingia watatu: mama kutoka Katuba, mtoto wa miaka saba mgongoni, na kaka mtu mzima ambaye tayari alikuwa amekunja mkono wa shati. Hemoglobini ya mtoto, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 4, chini mno. Macho ya njano, viganja vimepauka.

"Dokta, mtoe huyu damu," mama alisema. "Wote ni O, baba mmoja, mama mmoja."

Nikamjibu: "Mama, damu yake nitaichukua, lakini haitaingia kwa mdogo wake."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake. Mtoto alipotulia nilimweleza mama, na nawaeleza nanyi, maana hapa Lubumbashi damu ya mgonjwa huanza kutafutwa nyumbani kwake.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kwetu ni SS au drepano, chanzo chake kiko ndani ya mifupa. Humo kuna uboho, wengine husema uloto, na ndani ya uboho zimo seli shina, zinazozaa seli zote za damu. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa SS hupinda kama mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Kuongezewa damu ni kuazima chembe za mwingine kwa muda. Tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa wenyewe ni kupandikizwa seli shina za mwingine, hasa ndugu: ni kung'oa shamba zima na kupanda mbegu nyingine.

Wengi hudhani ni operesheni. Sivyo. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali, kama busulfani na siklofosfamidi, ziondoe uboho wa zamani na kuilaza kinga yake. Kisha seli za ndugu huingia kwa mshipa, kutoka mfuko unaofanana na wa damu, nazo huenda zenyewe hadi kwenye mifupa. Wiki mbili hadi nne zinazofuata zinatisha, kwa sababu mwili hauna askari. Mtoaji yeye hulazwa usingizi, uboho ukavutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, na mwili wake huurudishia.

Kinachotafutwa si kundi la damu. Ni HLA, alama za seli ambazo kinga hutumia kumtambua mgeni, nazo tunazirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa na mgonjwa. Akiwa AA (hana selimundu) au AS (ameirithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi) anafaa. Familia zetu zenye watoto wengi zina utajiri hapo, na watoto wanaopandikizwa uboho wa ndugu wa namna hiyo, zaidi ya 9 kati ya 10 huishi.

Sasa, mfuko wa damu ya kaka hauna chembe nyekundu peke yake. Una chembe nyeupe na chembe sahani zenye alama zake. Kinga ya mtoto huzitambua na kuziweka kwenye kumbukumbu. Miaka mitano baadaye uboho wa kaka yuleyule ukiingia, kinga hiyo inaweza kuukataa, na mtoto akapoteza nafasi aliyokuwa nayo nyumbani kwao.

Wazazi huniambia: dokta, nani hapa atafika kwenye upandikizaji huo? Zamani tulizungumzia India tu. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza watoto wenye selimundu. Gharama bado ni mzigo mkubwa, na wengi wataendelea na haidroksiurea kila siku, dawa nzuri ambayo naiandika bila kuchoka. Lakini mlango usifungwe na sisi wenyewe usiku mmoja wa haraka.

Kama benki ya damu isingekuwa na mfuko mwingine, ningempa ya kaka bila kusita, uhai kwanza. Ulikuwepo. Damu ya kaka ikaingia kwenye friji kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na kutoka friji hiyohiyo ukatoka mfuko wa mtu tusiyemjua. Kwenye jalada la daftari la mtoto niliandika kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE DAMU YA NDUGU. Mama aliniomba niandike na kwa Kifaransa.