Hinji ya laptopu ikivunjika kwa ndani, usikubali kuambiwa umeiangusha

Wiki iliyopita asubuhi, baridi la Mbeya mnalijua, nimefungua tu kibanda hapa Mwanjelwa anaingia mwalimu mmoja mama wa makamo katokea Tukuyu, laptopu kaifunga kwenye kitenge kama mtoto. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii, dukani wamenifukuza eti nimeiangusha na waranti haihusiki na mi sijawahi kuiangusha hata siku moja."

Mashine ina miezi nane. Kona ya kushoto pale kwenye hinji, yaani bawaba inayoshika kioo, kava limeachana na kioo, ukifungua inalia kwaa, plastiki inabinuka kama mdomo.

Sasa kabla sijagusa bisbisi naangalia kona. Laptopu iliyoanguka inasema yenyewe, kona ya nje itakuwa na kovu, plastiki imebonyea au imechubuka, na ufa unaanzia nje unaingia ndani. Ya mwalimu kona zote nne safi kabisa. Nikafungua kava la chini, nikamwita aje aone kwa macho yake. Hinji yenyewe ni chuma, nzima, ngumu hasa. Imefungwa na skrubu tatu zinazoingia kwenye vinati vya shaba vidogo kama punje ya mchele, na hivyo vinati vimepachikwa kwenye vinguzo vya plastiki, basi, hakuna kingine kinachoshika. Vinati vyote vitatu vilikuwa bado viko kwenye skrubu zake, vimeng'oka na plastiki yake kama jino na nyama. Huo ufa umeanzia ndani, kuanguka kwa kawaida hakufanyi hivyo.

Kinachotokea ni kwamba hinji inatengenezwa iwe nzito makusudi ili kioo kisimame pale unapokiacha. Grisi ya ndani ikikauka inazidi kuwa nzito, na kila ukifungua nguvu yote inakwenda kwenye vile vinguzo, halafu wengi wetu tunafungua kwa kushika kona moja kwa hiyo upande mmoja ndo unabeba kila kitu. Plastiki inachoka kabla ya chuma. Aliyechora hiyo mashine anajua kabisa itafunguliwa kila siku kwa miaka, angeweza kuweka bamba la chuma likashika sehemu pana, lakini bamba lina gharama na uzito kwa hiyo gharama akaachiwa mwalimu wa Tukuyu. Nina boksi hapa chini ya meza la makava ya modeli hiyohiyo, yote yamepasuka palepale kushoto. Watu tofauti, wengine wa Kyela wengine wa Chunya, hawajuani, wote waangushe upande mmoja? Aisee.

Na msidhani ni mashine za bei chee tu. Apple walitoa MacBook Pro 2016 ambayo waya mwembamba wa taa ya kioo ulikuwa mfupi, kila ukifungua na kufunga unasuguana mpaka unakatika, chini ya kioo zinatokea taa kama za jukwaani. Toleo la 2018 waya ukaongezwa urefu kama milimita 2 hivi, milimita 2 tu jamani! Matengenezo ya bure yakatangazwa Mei 2019, tena kwa ya inchi 13 peke yake.

Kubwa zaidi ilikuwa ya NVIDIA, watengenezaji wa chipu. Julai 2008 walitangaza kutenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa zinakufa, HP, Dell, Apple wote walikuwa wanazitumia. Ukiwasha chipu inapanda moto, ukizima inapoa, inatanuka inasinyaa, na vile vidoti vya risasi ya kuchomelea vilivyo ndani ya chipu yenyewe vinapata nyufa. Sisi mafundi tulikuwa tunazipasha na hit gani, kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto, laptopu inawaka, mteja anashangilia, wiki tatu karudi kanuna. Nakiri na mimi nilifanya sana hiyo enzi najifunza, sikujua kwamba ugonjwa uko ndani ya chipu na moto wangu unaupoza tu kwa muda.

Kinachonikera mimi ni kalenda. Kampuni ikibanwa ikakubali kosa inatoa miaka kadhaa ya kurekebisha bure, hiyo miaka inaisha hukohuko Marekani na Ulaya, ndo mashine inapanda kontena, Dubai, Kariakoo, inafika Mwanjelwa inauzwa "used kama mpya" ikiwa na kosa lake lilelile na hakuna wa kumuuliza.

Ukinunua mpya ipige picha kona zote siku ileile, risiti ya EFD itunze, namba ya mashine iingize mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti inaisha lini maana ya duka na ya kiwanda ni vitu viwili. Duka likikugomea, Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003 na kumlinda mlaji ni kazi yake. Kioo fungua kwa kushika katikati. Ukiona hinji imeanza kukaza leta mapema, kulegeza nati ya hinji ni dakika kumi, kujenga vinguzo upya na gundi ya epoksi ni siku nzima na haiwi kama ya kiwandani.

Ya mwalimu sikuitengeneza. Nikiweka gundi yangu pale nimewapa dukani sababu ya kukataa. Nilipiga picha, nikaandika karatasi nilichokiona nikagonga muhuri, vile vinati vitatu nikaviweka kwenye kiboksi cha kiberiti akawaonyeshe. "Ndaga fijo mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaifunga tena kwenye kitenge akaenda kudaka kosta.