“Mbwa Atajiokoa Mwenyewe”: Dhana Zinazoua Mbwa Wakati wa Mafuriko

Masika ikikaribia, waulize wenye mbwa wanaokaa kando ya Mto Msimbazi mbwa wao ataondokaje maji yakija. Jibu ni lilelile: “Daktari, mbwa anajua kuogelea, atajiokoa mwenyewe.” Na mbwa huyo anayesifiwa yuko nyuma ya nyumba, kafungwa kwa mnyororo wa mita 2.

Naanza na dhana hii kwa kuwa ndiyo inayoua, na mimi daktari wa mifugo nimechoka kuisikia.

Mbwa wengi huogelea, sawa. Ila mafuriko si bwawa. Maji yanashuka na matope, mabati, matawi na nyaya, tena mara nyingi usiku. Mbwa hupiga miguu yote minne bila kupumzika. Akikosa pa kukanyaga anachoka, kichwa kinazama na maji yanaingia mapafuni. Watoto wa mbwa, mbwa wazee na wale wa pua fupi huchoka mapema zaidi.

Huyo ni aliye huru. Aliyefungwa hata kina cha kiunoni kinamtosha kufa. Akishikwa na hofu huzunguka nguzo, na mnyororo wa mita 2 unabaki nusu mita. Takataka zinanasa kwenye mnyororo, mkondo unazivuta, na uzito wote unaishia shingoni mwake.

“Nitamfungua.” Utamfungua vipi? Saa nane za usiku, umeme umekatika, maji yako magotini na mbwa anavuta kwa nguvu zake zote. Ndoano ya mnyororo imeshika kutu, haifunguki. Kamba ya katani ikilowa huvimba, fundo likakaza hata kucha haziliwezi. Na mbwa aliyetaharuki humng’ata anayemshika shingoni, hata kama ndiye anayempa chakula kila siku.

Kwa hiyo fanya haya kabla mvua haijaanza. Fungua ile ndoano kwa mkono mmoja ukiwa umefumba macho. Ikigoma, ibadilishe leo. Kama unatumia kamba, iwe ya nailoni, na ifungwe kwa fundo la kuvuta: izungushe kwenye nguzo, halafu kwenye kitanzi usipitishe ncha nzima, pitisha mkunjo wake tu, kama unavyofunga kamba za viatu. Ukivuta ncha inayoning’inia, fundo linaachia lenyewe. Funga juu, usawa wa kiuno chako, si chini kwenye nondo. Kola ya shingoni ipitishe vidole viwili. Ikilegea zaidi ya hapo, mbwa aliyelowa anarudi kinyumenyume na kuivua. Andika juu yake namba yako ya simu kwa wino usiofutika.

Siku Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mbwa asilale kwenye mnyororo wala kwenye banda lenye kufuli. Mwingize ndani. Na ikitokea umeshindwa kabisa kuondoka naye, mtoe mnyororo, mwache na kola yake, fungua geti. Hilo ni la mwisho kabisa, lisiwe ndiyo mpango.

“Abaki alinde nyumba.” Mbwa aliyezingirwa na maji halindi kitu, anatafuta pa kupanda. Wewe naye utashikwa na huruma, utarudi kumfuata maji yakiwa yamepanda, na hapo tunahesabu maisha mawili.

“Nikimwita atanifuata.” Radi ikipiga, mbwa mwoga huingia uvunguni na hatoki. Wa ulinzi ambaye hajawahi kuvuka geti hawezi kupanda bajaji kwa mara ya kwanza usiku wa mafuriko. Mzoeze kwa wiki 2: mpe chakula kwenye bajaji iliyozimwa, kisha injini ikiwaka, kisha safari ya dakika tano. Mdogo mbebe kwenye tenga la kuku, weka gunia chini, funika na ufunge juu. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa ili asing’ate, iwe kwa dakika chache tu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Ukiuziba katika joto la Dar es Salaam, unaweza kumuua.

“Tukifika kituo cha waliohamishwa tutapokewa wote.” Usitegemee. Marekani, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, ambapo watu walikataa kuhama bila wanyama wao, ilipitisha sheria mwaka 2006 ili mipango ya kuhamisha watu izingatie wanyama wa nyumbani. Kwetu familia hubanana kwenye madarasa, na jirani anayechunga udhu ana haki ya kutotaka mate ya mbwa kwenye nguo na vyombo vyake. Tafuta ndugu au rafiki mwenye uwanja mahali pa mwinuko, mwombe sasa hivi. Uende na chakula cha siku 3 hadi 7, bakuli, kamba ya akiba, na kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni. Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1 na kidogo.

“Alichanjwa alipokuwa mdogo.” Kichaa cha mbwa huchanjwa kila mwaka, na chanjo ya kwanza huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, hivyo kukimbilia sindano siku ya mafuriko hakusaidii. Ulizia pia ya homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022: mkojo wa panya huingia kwenye maji yaliyotuama, na mbwa anayanywa. Hiyo ni dozi 2 zenye nafasi ya wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka.

“Akiumia mpe dawa zetu za maumivu.” Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Parasetamoli huharibu ini. Mwoshe matope kwa sabuni na maji safi ukiwa umevaa glavu, mkaushe, kisha mwangalie kwa saa 24 hadi 48. Aliyevuta maji mapafuni anaweza kuonekana mzima asubuhi na kuzidiwa jioni. Akikohoa, akihema kwa shida, au ufizi ukigeuka wa buluu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.