Mtoto Anapomkataa Mgeni: Dhana Potofu na Ukweli

Mtoto wa miezi 5 anapokezanwa mikononi mwa wageni huku akicheka. Akifika miezi 8, mgeni yuleyule akinyoosha mikono, mtoto anaganda. Anamkodolea macho, mdomo wa chini unaanza kutetemeka, anageuka na kuficha uso begani mwa mama, kisha kilio. Hapo watu wazima huanza kumtafuta mwenye kosa: mama kamdekeza, mgeni ana roho mbaya, mtoto kaharibika. Karibu mara zote, hakuna mwenye kosa.

Dhana: Alikuwa mchangamfu, sasa ameharibika

Amekua. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa tayari anaipenda sauti ya mama kuliko nyingine, kwa sababu aliisikia tumboni, na ndani ya siku chache huitambua harufu yake. Tabasamu la kumjibu mtu huja kati ya wiki ya 6 na ya 8, na kwa miezi kadhaa hulitoa karibu kwa yeyote anayemchekea. Mabadiliko huanza kati ya miezi 6 na 9. Sasa anaweza kuishika akilini sura ya anayempenda hata kama hayupo, na kuilinganisha na sura iliyo mbele yake. Asipopata jibu, anaogopa. Ni umri uleule anaoanza kutambaa na kuweza kwenda mbali na mlezi, kwa hiyo woga huu humrudisha karibu. Hupamba moto karibu na mwaka mmoja na kwa kawaida hupungua kufikia miaka 2.

Si wote hulia. Wengine huacha kucheza tu na kutazama pembeni, na huo pia ni woga ingawa wageni huuita adabu. Na yuleyule aliyecheka na mgeni asubuhi anaweza kumkataa jioni akiwa na usingizi, njaa au homa.

Dhana: Mtoto huona roho ya mtu

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, maana humpaka matope mtu asiye na hatia. Mtoto hasomi roho. Anaona kimo, mwendo, umbali na sauti. Mtu mzima mrefu anayekuja haraka, akiongea kwa nguvu na kumkazia macho, humtisha kuliko mtoto mwenzake asiyemjua. Mtoto aliyepakatwa na mama huvumilia mengi kuliko aliyewekwa mbali naye.

Kitu kingine anachokisoma ni uso wa mlezi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985, watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza iliyofunikwa kioo angavu, na chini ya kioo, mbele yao, palionekana kama kuna shimo dogo. Mama alipoonyesha uso wa furaha, 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja kati ya 17. Kwa hiyo mama anayekunja uso kila shemeji fulani anapoingia asishangae mtoto naye akimkataa shemeji huyo.

Tahadhari moja: mtoto akianza ghafla kumwogopa mtu aliyemzoea kabisa, hilo ni jambo jingine. Lifuatilie.

Mgeni afanye nini? Aingie na kumsalimu mama kwanza, kwa sauti ya kawaida. Aketi chini, mita 2 hivi kutoka kwa mtoto, aendelee na mazungumzo dakika 5 hadi 10 bila kumkazia macho. Mtoto akianza kumtazama mara kwa mara, mgeni aweke kichezeo sakafuni katikati yao na kuondoa mkono. Mtoto akikichukua, mgeni atabasamu, asisogee. Mikono inyooshwe mtoto mwenyewe anapomwinamia. Akigeuza uso au kung'ang'ania nguo ya mama, mgeni arudi nyuma hatua moja.

Yanapoharibika ni hapa: mtoto ananyakuliwa kutoka kwa mama, analia, na watu wanamwambia mama atoke chumbani "ili azoee". Amepata tishio na kupoteza kimbilio kwa wakati mmoja. Safari ijayo atalia mgeni akiwa bado mlangoni.

Dhana: Anayemlisha ndiye atakayependwa

Watafiti Schaffer na Emerson waliwafuatilia watoto 60 huko Glasgow, Scotland, na kuchapisha matokeo mwaka 1964. Karibu watoto 4 kati ya 10 walishikamana zaidi na mtu ambaye si yule anayewalisha na kuwaogesha kila siku. Kilichowavuta ni mtu anayeitikia: wakiguna anajibu, wakicheka anacheka nao. Walipofika miezi 18, wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja. Kwa hiyo baba, bibi au yaya mwenye upendo hamwibii mama nafasi yake.

Dhana: Ukimbeba kila akilia, atazoea mikono

Mtoto wa miezi michache hana uwezo wa kupanga hila. Kilio chake ni taarifa. Kumtuliza kunamfundisha mwili wake njia ya kutoka kwenye hofu hadi utulivu, jambo asiloweza kulifanya peke yake. Wala huhitaji kumwelewa kila mara. Hata mama na mtoto wanaopatana vizuri hukosa kuelewana mara nyingi kwa siku. Muhimu ni kurudi na kurekebisha.

Dhana: Ni afadhali kumtoroka asikuone ukiondoka

Utaepuka kilio cha leo, lakini mtoto amejifunza kwamba unaweza kutoweka wakati wowote. Kesho hatakuachia hata uende msalani.

Muage. Sentensi moja, ileile kila siku, uso mtulivu, kisha nenda. Kurudi mara tatu mlangoni kumbembeleza humwongezea mashaka. Kwa mlezi mpya, anza wiki moja au mbili kabla ya kuanza kazi. Siku za kwanza kaeni wote watatu, yeye akicheza na kumlisha mtoto ukiwa karibu. Kisha toka dakika 5, urudi. Halafu 15, halafu 30, halafu saa kadhaa. Kilio kikizidi na kisitulie mlezi anapombembeleza, rudi hatua iliyotangulia. Ukimwachia mlezi nguo yenye harufu yako, aitumie akimpakata tu, isiwekwe kitandani mtoto wa chini ya mwaka akilala.

Dhana: Asiyelia mama akiondoka ndiye imara

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyeanza kuchunguza watoto Uganda mwaka 1954, baadaye alitunga jaribio la vipindi 8, vingi vya dakika 3 hivi, ambapo mama hutoka na kurudi na mgeni huingia. Alichokitazama zaidi ni kurudi kwa mama. Mtoto mwenye imani na mlezi humfuata, hutulia mikononi, kisha hurudi kucheza, hata kama alilia sana. Baadhi ya wanaoonekana hawajali hugeuza uso mama akirudi, ilhali mapigo ya moyo yamepanda. Hilo si kosa la kumwadhibu mtu, lakini usilisifu kuwa ujasiri.

Kinachostahili kupelekwa kliniki ni tofauti kabisa na kilio cha miezi 8: mtoto asiyetabasamia watu hadi mwisho wa mwezi wa 3, wa miezi 9 asiyegeuka akiitwa jina, au asiyeonyesha tofauti yoyote kati ya wazazi na wageni, anayepoteza alichokwisha kujifunza, na wa zaidi ya mwaka anayeondoka na mtu yeyote bila kugeuka kumtafuta mlezi, hasa kama amehamishwa kutoka mikono hadi mikono bila mlezi wa kudumu.